KILA RISASI IWE NA MWENYEWE

Ndugu wafanyakazi wa migodi ya Maniema, ndugu wakaaji wa Kindu, ninyi wa Kasuku, wa Mikelenge na wa Alunguli ng'ambo ya mto:

Leo gazeti lenu lina neno moja, na litalisema waziwazi bila kuzungukazunguka. Polisi asiyefundishwa bunduki asipewe bunduki. Na yule aliyefundishwa akapewa, ajibu kwa kila risasi iliyotoka katika mtutu wake: ilikwenda wapi, kwa sababu gani, na kwa amri ya nani. Risasi isiyo na mwenyewe ndiyo inayomaliza raia, maana anayeipiga anajua moyoni kwamba hakuna atakayemwuliza.

Twajua neno hili litaudhi watu wa namna mbili. Wakubwa watasema tunawatukana polisi wakati nchi iko vitani. Na baadhi yenu, wasomaji wetu wenyewe, mtasema: "Jamani, mnataka polisi wafundishwe shabaha? Hawajatuua vya kutosha?" Hao wote wawili tutawajibu. Lakini kwanza tukumbushane bunduki ilifikaje kwetu, na ni nani aliyewafundisha watu wetu kuishika.

BUNDUKI YA BULA MATARI

Maniema si mgeni wa baruti. Babu zetu waliona magobori ya misafara ya pembe na watumwa, siku ambazo Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip na watu wake. Kisha wakaona vita vya 1892 hadi 1894, dola ya mfalme Leopold ilipopigana na Waarabu na Waswahili, na Kasongo ukaanguka mwaka 1893. Mwenye bunduki alimshinda mwenye bunduki mwenzake. Asiyekuwa nayo alibadilishiwa bwana, basi.

Bwana huyo mpya alileta Force Publique. Askari wake alikuwa mwanajeshi na polisi kwa pamoja: leo vitani, kesho kijijini kudai mpira na kodi. Na sikilizeni vizuri jambo hili, maana ndilo msingi wa maneno yetu yote: Bula Matari alizihesabu risasi zake! Katika vituo vingi askari aliporudi porini ilimpasa aonyeshe, kwa kila risasi iliyotumika, mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa, ili wazungu wajue risasi haikupotea kwa kuwinda nyama. Askari aliyekuwa amepiga nyama alitafuta mkono penginepo, hata kwa mtu aliye hai. Hesabu ilikuwapo, daftari lilikuwapo. Kilichohesabiwa ni bei ya risasi. Bei ya mtu haikuandikwa popote.

Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Walidai mshahara. Jibu lilikuwa risasi za Force Publique, na makumi ya watu wakafa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao. Tarehe 4 Januari 1959 ikawa zamu ya Léopoldville. Serikali ya kikoloni ilihesabu maiti wasiofika 50. Wananchi walihesabu wengi kuliko hao. Je, askari wale hawakufundishwa bunduki? Walifundishwa, tena sana. Walijua kulenga na kutii. Hakuna aliyewafundisha kwamba mtu aliye mbele ya mtutu ana haki.

Ndipo uhuru ukaja, tarehe 30 Juni 1960. Force Publique ilikuwa na watu karibu 25,000, na hapakuwa na ofisa mmoja mweusi. Siku chache baadaye Jenerali Janssens aliandika ubaoni, mbele ya askari wake, kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Kambi zikalipuka kwa uasi. Hiyo ndiyo mali tuliyorithi: bunduki nyingi, na watu waliofundishwa nusu ya kazi.

Kindu tulilipa deni la nusu hiyo. Mnamo Novemba 1961 wanaanga 13 wa Italia walifika hapa na ndege mbili za Umoja wa Mataifa, wakiwaletea vyakula askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani. Uvumi ukaenea kwamba ni askari wa miavuli wa Ubelgiji. Wanajeshi wetu hawakungoja kuuliza, wakawaua wote 13. Hata leo jina la mji wetu limechorwa kwenye makumbusho yao huko Pisa, na wageni hulisoma kama jina la msiba. Hatulisemi hilo ili kuwaaibisha watu wa Kindu. Twalisema ili mjue kinachotokea bunduki inapopokea amri kutoka kwa uvumi.

CHUMA CHENYEWE

Sasa tuitazame bunduki ya leo. Nyingi mnazoziona begani mwa polisi ni za ukoo wa Kalashnikov. Ilitengenezwa kwa vita. Risasi hutoka kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde moja. Mtu huilenga kwa mita 300 au 400, lakini risasi haijui kusimama hapo. Hupita kilomita moja ikiwa bado na nguvu ya kuua. Ubao na bati haviizuii, wala ukuta wa fito na udongo. Askari anayepiga sokoni kumtisha mwizi anapiga pia nyumba ya nyuma, na nyumba iliyo nyuma ya hiyo. Na anayepiga hewani asidhani amepiga mbingu: kilichopanda kitashuka juu ya kichwa cha mtu.

Kuna jambo lingine ambalo kila polisi angepaswa kulijua hata usingizini. Wenzo ulio ubavuni mwa bunduki hiyo una vituo vitatu. Juu kabisa ni usalama. Ukiusukuma hatua moja chini, hufiki kwenye risasi moja moja. Unafika kwenye mfululizo. Risasi moja moja iko chini kabisa. Basi mtu mwenye woga, aliyeshtuka usiku kwenye kizuizi, mkono wake ukisukuma kidogo tu, amefungua mfululizo. Kasi yake ni risasi 600 kwa dakika, na magazini yenye risasi 30 huisha kwa sekunde 3. Sekunde 3 ni muda wa kusema "Simama, nani huyo?" Asiyefundishwa anamaliza magazini kabla ya kumaliza swali.

Mtu kama huyo tunamweka kwenye vizuizi vya njia, milangoni mwa benki, na juu ya mashimo ya kasiterite na dhahabu ambako wachimbaji mamia wanasukumana kwenye matope. Dereva wa gari hapewi usukani bila karatasi ya kuendesha. Mpiga baruti wa mgodini hapewi fataki bila kufundishwa na kupimwa. Kwa nini chombo kilichoundwa kuua kigawiwe kama ufagio?

JIBU KWA MWENYE HOFU

Wewe unayesema "wakifundishwa watatuua vizuri zaidi," hofu yako ina sababu. Hatutakudanganya kwamba mafunzo yoyote ni mema. Tazama Marikana, Afrika ya Kusini. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwapiga risasi wafanyakazi wa mgodi wa platini waliogoma wakidai mshahara, wakaua 34 siku moja. Polisi wale hawakuokotwa barabarani. Walikuwamo wa vikosi maalumu, wenye bunduki za kijeshi za R5. Walikuwa wamefundishwa vita, na siku ile wakaipata vita yao mlimani, mbele ya watu wenye mikuki na marungu. Tume ya Jaji Farlam, ambayo ripoti yake ilitangazwa mwaka 2015, ilisema bunduki za namna hiyo ziondolewe katika kazi ya kutuliza umati.

Tazama Tanzania, katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambako tarehe 16 Mei 2011 polisi waliua watu wasiopungua 5 walioingia kuokota mawe ya dhahabu. Tazama Kinshasa, Operesheni Likofi, kuanzia Novemba 2013 hadi Februari 2014: polisi walitumwa kuwakomesha kuluna, na vijana wakatolewa majumbani na kuuawa. Shirika la Human Rights Watch liliandika habari za waliouawa wasiopungua 51. Wale hawakukosa shabaha. Walikosa mtu wa kuwauliza.

Kwa hiyo, ndugu, tusikubali kuchagua kati ya mjinga mwenye bunduki na hodari asiye na sheria. Wote wawili watakuzika. Mafunzo tunayoyadai ni haya: nusu ya siku ni kujifunza kupiga, na siku nzima inayofuata ni kujifunza kutopiga. Kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka jicho limeamua. Mtutu usimwelekee mtu usiyetaka kumpiga. Jua kilicho nyuma ya unachokilenga. Hakikisha chumba cha risasi ki tupu kabla hujaweka bunduki ghalani. Jitaje kwamba wewe ni polisi, uonye, umpe mtu nafasi ya kusikia. Tofautisha aliyeshika panga na aliyeshika sururu ya kazi yake. Na ukishampiga mtu, mzuie damu, mpeleke hospitali. Tangu dakika hiyo yeye ni mgonjwa wako.

Polisi akijua hayo hawi laini. Mwoga ndiye mwepesi wa kufyatua. Aliyefundishwa anajua atafanya nini baada ya sekunde moja, ndiyo maana anaweza kuingoja.

JIBU KWA WAKUBWA

Ninyi wakubwa mnasema: nchi iko vitani, Goma ilianguka Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, huu si wakati wa madarasa. Twajibu: ni wakati huu hasa. Vita ikikaribia, silaha huongezeka mjini, sare huchanganyika, uvumi hukimbia kuliko pikipiki. Mmesahau Kindu ya 1961? Mji wenye hofu ukiwa na bunduki zisizofundishwa ni mji unaojiwinda wenyewe.

Wala kazi ya polisi si kazi ya jeshi. Mwanajeshi ana adui. Polisi hana adui mtaani. Ana raia, na hata mwizi ni raia anayepaswa kufika mbele ya hakimu akiwa anapumua. Goma tuliona matunda ya kuchanganya hayo tarehe 30 Agosti 2023, wanajeshi walipotumwa kukabili watu wa dini waliotaka kuandamana dhidi ya Umoja wa Mataifa. Zaidi ya watu 50 walikufa. Siku hiyo hiyo polisi mmoja aliuawa na umati. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali aliyewaongoza wanajeshi hao mnamo Oktoba 2023. Basi kumbe mkubwa anaweza kuulizwa! Tunachodai ni kwamba aulizwe kabla ya makaburi 50, aulizwe kwa risasi ya kwanza.

Mnasema pia: hakuna fedha za risasi za mazoezi. Ajabu! Risasi za mazoezi hakuna, za kupiga hewani jioni zinatoka wapi? Za kumtisha mama wa mkaa kwenye kizuizi zinatoka wapi? Tena sehemu kubwa ya mazoezi haihitaji baruti. Bunduki tupu yatosha kujifunza kushika, kulenga, kuzima wenzo, kufungua na kusafisha, kuacha kidole nje. Asubuhi moja kila juma, uani kwa kambi, bila kutumia faranga. Wasiofanya hata hilo wasitulilie umaskini.

SHERIA IPO, IMELALA

Hatuombi jambo geni. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, yasema mtu ni mtakatifu na dola inapaswa kumlinda. Kifungu cha 28 chasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Mtumishi wa dola amefunguliwa kutii amri inayovunja haki za watu. Kifungu cha 183 chasema polisi hawana chama. Sheria namba 11/013 ya tarehe 11 Agosti 2011 yataka polisi watumie nguvu pale tu panapokuwa lazima, kwa kiasi kinachofaa, na kwa jambo la halali.

Umoja wa Mataifa nao uliandika kanuni huko Havana mwaka 1990 juu ya polisi na silaha. Zasema silaha ya moto ni kwa kulinda uhai unaotishwa, wala si kwa kulinda mali au heshima ya mkubwa. Zasema anayebeba silaha awe amemaliza mafunzo yake maalumu. Zasema silaha na risasi zigawiwe kwa kuandikwa, na kila zinapotumika paandikwe taarifa. Imepita miaka zaidi ya 30. Nani kati yenu, wakaaji wa Kindu, ameonyeshwa taarifa moja ya namna hiyo?

Na sheria peke yake haifyatui wala haizuii. Kenya waliandika vizuri mwaka 2011 kwamba polisi akiua au akiumiza mtu, habari zipelekwe haraka kwa chombo cha raia kinachosimamia polisi. Hata hivyo, Juni 2024 vijana walioandamana kupinga kodi walipigwa risasi Nairobi. Karatasi inahitaji watu wa kuisimamia. Watu hao ni ninyi.

TUNAYODAI

Tunawaambia mkuu wa polisi wa jimbo na gavana, bila matusi na bila kupiga magoti:

1. Polisi yeyote asibebe bunduki mpaka amefundishwa na kupimwa, katika kupiga na katika kuamua. Apimwe tena kila mwaka. Akishindwa, bunduki ibaki ghalani, naye apewe kazi nyingine bila kukatwa mshahara.

2. Ghala la silaha liwe na daftari. Kila asubuhi namba ya bunduki, jina la askari na idadi ya risasi viandikwe na kutiwa sahihi. Jioni vihesabiwe tena. Risasi ikipungua, maelezo yaandikwe usiku uleule.

3. Mfululizo na bunduki za vita visipelekwe kwenye mgomo, maandamano wala mashimo ya wachimbaji. Polisi wa Migodi wawepo kulinda amani. Kanuni ya Migodi, kifungu cha 27, haiwapi polisi haki ya kumiliki mgodi; basi bunduki isiwatafutie kwa mlango wa nyuma kile ambacho sheria imewanyima.

4. Kupiga hewani kukomeshwe.

5. Mtu akifa au akijeruhiwa, askari na mkuu aliyempa amri watajwe mbele ya mwendesha mashtaka. Katiba inawapeleka polisi mbele ya mahakama ya kijeshi. Haya, lakini milango iwe wazi na mjane akae kiti cha mbele.

6. Polisi alipwe kwa wakati na alale mahali panapofaa mtu. Askari mwenye njaa hukigeuza kizuizi kuwa shamba lake, na risasi kuwa jembe.

NENO KWA POLISI, NENO KWA RAIA

Ndugu polisi, wewe si adui yetu. Umezaliwa na mama zetu, watoto wako wanasoma na wetu, na mshahara wako tunajua unavyochelewa. Dai la mafunzo ni lako kabla halijawa letu. Siku maiti ikilala barabarani, aliyekutuma bila kukufundisha atasema hakujua, nawe utasimama peke yako. Kataa kupewa chuma usichokijua. Kataa amri ya kumpiga mtu asiyekutishia uhai. Katiba imekufungulia mlango huo.

Na ninyi wafanyakazi na wakaaji, msilie nyumbani kisha mnyamaze barazani. Risasi ikipigwa, andikeni siku, saa, mahali, na kikosi. Maganda ya risasi msiyachezee. Yapigeni picha pale yalipoangukia. Tafuteni mwanasheria, wapelekeeni wabunge, twendeni pamoja. Lakini msimpige mawe askari, hata aliyekosa. Tukimwua sisi, tumezika pamoja naye jina la aliyempa amri.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Bula Matari alihesabu risasi ili asipate hasara. Sisi watu huru tuzihesabu kwa sababu kila moja inaweza kuwa mwisho wa mtoto wa mtu. Bunduki ya nchi ni mali ya wananchi, na mwenye mali ana haki ya kuuliza hesabu.

Tuulizeni, Wamaniema! Tuulizeni kila siku, mpaka tujibiwe!